Nani anaweza kumfukuza nani? Marais wa vyuo vya Marekani na shule yao ya michezo

Mwaka 2009 nilikuwa bado navaa kaptula ya shule, na kama watoto wengi wa Dar es Salaam nilijua jina moja tu katika mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani: Hasheem Thabeet. Kijana wa hapa hapa kwetu, urefu futi saba na inchi tatu, anachezea Chuo Kikuu cha Connecticut na anazuia mipira kama mtu anayefukuza nzi. Mwaka huo huo akachukuliwa namba mbili kwenye uteuzi wa NBA. Tukatamba mtaani utadhani sisi ndio tuliomfundisha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaingia kwenye kazi hii ya kuandika michezo, nilirudi kusoma habari za msimu ule. Nikakutana na kisa ambacho sikukijua. Februari 2009, baada ya mechi, mtu mmoja kwenye mkutano wa waandishi alimuuliza kocha wa Thabeet, Jim Calhoun, swali la hela. Chuo ni cha umma, jimbo lina upungufu mkubwa wa bajeti, na kocha analipwa dola milioni 1.6 kwa mwaka. Je, hatarudisha hata kidogo? Calhoun akawaka. Akasema harudishi hata senti moja, na kwamba timu yake inaingizia chuo mamilioni. Siku chache baadaye gavana wa jimbo akasema hadharani kwamba tabia ile haikumpendeza.

Sikushangazwa sana na hasira za kocha. Makocha ndivyo walivyo. Nilichoshangaa ni kwamba nilisoma habari moja baada ya nyingine, gavana yumo, mashabiki wamo, wachambuzi wamo, lakini bosi wa kocha simuoni. Kwani kocha wa chuo bosi wake nani?

Kwenye karatasi, bosi ni rais wa chuo. Wasomaji wangu, tuelewane hapa. Kwetu Tanzania mtendaji mkuu wa chuo kikuu ni Makamu Mkuu wa Chuo. Kule Marekani vyuo vingi humuita rais. Anateuliwa na bodi ya wadhamini, na mara nyingi ni profesa: mwanasheria, mkemia, mwanafalsafa. Maisha yake yote ameyamaliza kwenye vitabu na maabara. Siku ya kwanza kazini anakabidhiwa madarasa, mabweni, pengine hospitali, na juu yake uwanja wa futiboli. Ninaposema futiboli hapa nina maana ile yao ya kuvaa helmeti na kukimbia na mpira mkononi. Uwanja wa Michigan au wa Penn State unaingiza watu zaidi ya laki moja. Uwanja wetu wa Mkapa, ambao tunauona mkubwa, unaingiza 60,000.

Nani kamfundisha huyu profesa kusimamia kitu kama hicho? Nimesoma historia yao kwa miezi kadhaa sasa, na jibu langu ni fupi: hakuna. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na marais hawa kwa zaidi ya miaka 150 wamefunzwa na ulimwengu. Na kila somo, ukilichunguza vizuri, linaishia kwenye swali moja ambalo halimo kwenye mkataba wa ajira: hapa chuoni, nani anaweza kumfukuza nani?

Tuanze mwanzo. Michezo ya vyuo vya Marekani haikuanzishwa na vyuo, ilianzishwa na wanafunzi. Mashindano ya kwanza kati ya vyuo viwili yalikuwa ya kupiga makasia, Harvard na Yale, mwaka 1852 kwenye ziwa Winnipesaukee huko New Hampshire. Aliyegharamia alikuwa mtu wa kampuni ya reli aliyetaka abiria wa kwenda kutazama. Kwa hiyo ule msemo kwamba biashara imeingilia michezo ya vyuo siku hizi, jamani, tuufikirie upya. Biashara ilikuwepo siku ya kwanza kabla hata rais wa chuo hajafika ufukweni.

Mwaka 1869 Rutgers na Princeton wakacheza mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya futiboli ya vyuo. Miaka minne baadaye wanafunzi wa Cornell waliomba ruhusa kwenda Cleveland kucheza na Michigan. Rais wao, Andrew Dickson White, akakataa. Kauli yake imekuwa maarufu: kwamba hataruhusu vijana thelathini wasafiri maili mia nne kwenda kutikisa mfuko wa upepo. Watu hucheka wakiisoma. Mimi naisoma kwa huzuni kidogo, maana alikuwa mmoja wa marais wa mwisho walioweza kusema hapana na mambo yakaishia hapo. Hakukuwa na tiketi zilizouzwa, hakukuwa na wahitimu waliochangia jukwaa, hakukuwa na kocha mwenye mkataba. Hapana ya White ilikuwa bure. Kadiri miaka ilivyokwenda, bei ya hapana ikawa inapanda.

Muulize Charles Eliot. Huyu aliiongoza Harvard miaka 40, kuanzia 1869 hadi 1909, na ndiye aliyeigeuza kuwa chuo kikuu kinachojulikana dunia nzima. Alibadili masomo, akabadili mitihani, akabadili shule ya udaktari. Futiboli aliichukia kwa sababu aliona inawafundisha vijana ukatili na udanganyifu, na aliandika hivyo mwaka hadi mwaka. Akaweza kuifuta? Hakuweza. Mwaka 1903 Harvard wakajenga uwanja mkubwa wa zege, kwa mchango wa wahitimu. Mwaka 1905 wakaajiri kocha kijana wa miaka 26, Bill Reid, kwa malipo yaliyozidi ya profesa yeyote wa chuo na kukaribia ya Eliot mwenyewe. Sehemu ya malipo hayo ilitoka mifukoni mwa wahitimu. Hapo ndipo unapoona kamba ilipofungwa. Mtu anayelipwa na wahitimu, rais wa chuo atamfukuzaje?

Mwaka huo wa 1905 futiboli ilikuwa inaua. Magazeti yalihesabu vifo karibu 20 kwa msimu mmoja, wengi wao vijana wa sekondari. Oktoba 9, Rais wa nchi, Theodore Roosevelt, ambaye alisoma Harvard na mtoto wake alikuwa anachezea timu ya mwaka wa kwanza huko huko, aliwaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton, akawataka wausafishe mchezo. Angalia aliowaita: makocha na wasimamizi wa timu. Marais wa vyuo hawakuwepo kwenye meza ile. Rais wa nchi alijua mwenye mchezo ni nani.

Novemba 25 kijana wa chuo cha Union akafa baada ya kuumia kwenye mechi na Chuo Kikuu cha New York. Mkuu wa New York, Henry MacCracken, akamwomba Eliot aitishe mkutano wa vyuo vyote, kwa kuwa Eliot ndiye aliyekuwa na jina. Eliot akakataa. MacCracken akaitisha mwenyewe. Mwezi Desemba wajumbe wa vyuo 68 wakakutana, na mwaka uliofuata kikazaliwa chama ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA. Pasi ya kurusha mbele ikaruhusiwa ili wachezaji wasirundikane na kuvunjana shingo. Chuo cha Columbia chenyewe kilifuta futiboli kabisa na hakikuirudisha hadi 1915.

Somo la 1905 kwa marais lilikuwa hili: rais mmoja hawezi, wakiwa wengi wanaweza kiasi. Lakini kuna kosa lilijificha humo. Waliunda chama, kisha wakarudi ofisini kwao na kuwaachia wengine wakiendeshe. Kwa miaka mingi waliohudhuria vikao vya NCAA walikuwa wakurugenzi wa michezo na maprofesa wawakilishi, siyo marais.

Sasa twende Chicago, maana pale ndipo kisa hiki kinapopata utamu wake. Chuo Kikuu cha Chicago kilifunguliwa 1892 kwa fedha za Rockefeller. Rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alitaka jina la chuo kipya lijulikane haraka. Akamchukua Amos Alonzo Stagg, mwanafunzi wake wa zamani kutoka Yale, akampa idara ya michezo na cheo cha profesa mshiriki ambacho huwezi kunyang'anywa. Kocha mwenye ajira ya kudumu kama mwalimu wa Kigiriki! Stagg akakaa misimu 41. Akashinda, uwanja ukapewa jina lake, akawa anapanga hela za idara yake kama mtu anayepanga hela za duka lake. Harper alijibu lile swali letu mapema kabisa: kocha hafukuziki.

Mwaka 1929 akaingia rais mpya, Robert Maynard Hutchins. Alikuwa na miaka 30 tu. Mwaka ule ule taasisi ya Carnegie ikatoa ripoti nene kuhusu michezo ya vyuo, baada ya kutembelea vyuo zaidi ya mia moja. Ikaeleza jinsi wachezaji walivyokuwa wanatafutwa na kulipwa kwa siri, na ikasema mtu mwenye uwezo wa kung'oa uozo huo ni rais wa chuo mwenyewe. Marais wengi waliisoma, wakaiweka kabatini.

Hutchins hakukurupuka. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa cha kiofisi kabisa: Stagg alipofika umri wa kustaafu, miaka 70, alitakiwa astaafu kama mtumishi mwingine yeyote. Mzee hakufurahi, akaenda kufundisha California. Lakini tayari rais alikuwa ameonyesha kwamba kanuni ya chuo ni moja. Halafu akasubiri. Chicago ikaendelea kudai alama halisi darasani kutoka kwa wachezaji wake, timu ikaanza kupigwa. Mwaka 1935 bado alikuwepo Jay Berwanger, mtu wa kwanza kushinda tuzo inayoitwa Heisman. Alipoondoka, ukame. Mwaka 1938 Hutchins akaandika makala kwenye gazeti la Saturday Evening Post kueleza wananchi kwa nini biashara ya michezo inavidhuru vyuo, na akapendekeza tiketi iuzwe senti kumi ili hamu ya hela iishe. Mwaka 1939 Michigan wakaifunga Chicago 85 kwa 0. Desemba ile ile bodi ya wadhamini ikapiga kura: futiboli basi.

Hutchins alitumia miaka kumi. Aliwaandaa wadhamini, akawaandaa wananchi, na akangoja siku ambayo hata shabiki sugu angeona aibu kutetea timu. Chini ya jukwaa la magharibi la uwanja ule, ukiwa hautumiki tena kwa futiboli, Desemba 2, 1942 wanasayansi waliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia duniani. Mwaka 1969 futiboli ilirudi Chicago kama mchezo wa wanafunzi.

Watu humtaja Hutchins kama rais aliyefuta futiboli. Mimi ningemtaja kama rais aliyehesabu kura kabla ya kufungua mdomo. Na ukitaka kujua tofauti, ruka hadi Alabama, chuo cha UAB kilichopo Birmingham. Rais Ray Watts aliingia madarakani mwaka 2013. Desemba 2014, hajatimiza hata miaka miwili, akatangaza kwamba timu ya futiboli inafutwa kwa sababu ya gharama. Hoja ya gharama haikuwa ya kipuuzi. Lakini wachezaji walilia mbele ya kamera, ripoti iliyotumika ikapingwa, baraza la wahadhiri likapiga kura ya kutokuwa na imani naye, wafadhili wakaahidi mamilioni. Juni 2015 akatangaza timu inarudi. Ikarudi uwanjani 2017. Hesabu ya fedha aliifanya. Hesabu ya watu ndiyo iliyomshinda.

Tusidhani lakini kwamba wakati wote tatizo ni kocha. Mara nyingine tatizo liko juu ya rais. Kisa cha Southern Methodist, kule Dallas, kinatisha. Wachezaji wa futiboli walikuwa wanalipwa kwa siri na matajiri wa mji, NCAA wakawakamata na kuwapa adhabu, malipo yakaendelea. Februari 1987 NCAA ikafuta msimu wao wote, adhabu ambayo Wamarekani waliiita ya kifo. Siku chache baadaye Bill Clements, gavana wa Texas aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo kile, akakiri kwamba wakubwa wa bodi walijua na walikubali malipo yaendelee mpaka vijana walioahidiwa wamalize. Fikiria wewe ni rais wa chuo hapo. Unatakiwa umkemee kocha anayefanya jambo ambalo waajiri wako wamelibariki.

Ndiyo maana miaka ile marais wakaanza kuamka. Mwaka 1984 NCAA iliunda tume ya marais yenye wajumbe 44. Mwaka 1989 mfuko wa familia ya Knight (hawa hawahusiani na kocha Knight nitakayemtaja sasa hivi) ukaunda tume nyingine, ikiongozwa na marais wawili wastaafu, William Friday wa North Carolina na Padri Theodore Hesburgh wa Notre Dame. Ripoti yao ya 1991 ilitoa fomula ambayo imekuwa kama alifu kwa kijiti kwa rais mpya: rais ashike usukani, halafu aulekeze kwenye mambo matatu, yaani masomo ya kweli, fedha safi, na ukaguzi kutoka nje. Tangu 1997 uongozi wa juu wa NCAA ukawekwa mikononi mwa marais wenyewe. Siku hizi kuna hata semina za marais wapya, na michezo imo kwenye ratiba.

Je, zimesaidia? Tuangalie visa vitatu vya baada ya hapo.

Cha kwanza ni Indiana. Myles Brand alikuwa mwanafalsafa, rais wa chuo tangu 1994. Kocha wa kikapu Bob Knight alikuwepo tangu 1971, ubingwa wa taifa mara tatu, hasira zisizo na breki. Mwaka 2000 ilionyeshwa kanda ya video akimshika mchezaji shingoni mazoezini. Brand hakumfukuza. Alimpa adhabu, faini ya dola 30,000, na onyo kwamba kosa lingine dogo tu ndio mwisho. Wengi walimcheka kwamba ni mwoga. Septemba ikatokea purukushani ya Knight na mwanafunzi aliyemkamata mkono, Brand akamwachisha kazi. Maelfu ya wanafunzi waliandamana mpaka nyumbani kwake. Lakini alikuwa na kitu ambacho Eliot hakuwa nacho: onyo lililoandikwa, lililotangazwa, ambalo kila mtu alilisikia. Siku ya kufukuza, karatasi ilimsemea. Mwaka 2003 Brand akawa rais wa kwanza wa chuo kikuu kuongoza NCAA, akaiongoza hadi alipofariki 2009.

Cha pili ni Ohio State. Machi 2011 ilibainika kwamba kocha wa futiboli Jim Tressel alijua wachezaji wake wamevunja kanuni akanyamaza. Rais wa chuo, Gordon Gee, mtu mzoefu aliyeongoza vyuo vingi na ambaye mwaka 2003 akiwa Vanderbilt aliwahi kuivunja idara nzima ya michezo, aliulizwa kama amefikiria kumfukuza. Akajibu kwa utani kwamba anachoomba yeye ni kocha asimfukuze yeye. Watu walicheka, halafu hawakucheka. Miezi miwili baadaye Tressel alijiuzulu. Lakini utani ule ulikuwa umeshasema ukweli wote wa makala hii kwa sentensi moja.

Cha tatu sipendi kukiandika, lakini bila hicho ningekuwa nimewadanganya. Penn State, Pennsylvania. Rais Graham Spanier alikuwa kazini tangu 1995, na kama kuna mtu aliyehitimu shule hii ya michezo ni yeye: aliongoza bodi ya NCAA ya vyuo vikubwa, wenzake wakimtegemea kwa ushauri. Mwaka 2004 alikwenda na mkurugenzi wa michezo nyumbani kwa kocha Joe Paterno kumwomba astaafu. Paterno alikataa. Wageni wakaondoka, na mzee akaendelea kufundisha miaka mingine saba. Swali letu lilijibiwa sebuleni siku ile.

Novemba 2011 aliyekuwa kocha msaidizi, Jerry Sandusky, akashitakiwa kwa kuwadhalilisha watoto kwa miaka mingi, baadhi ya matukio yakiwa ndani ya majengo ya michezo ya chuo. Mwaka uliofuata alitiwa hatiani kwa makosa 45. Ilijulikana kwamba mwaka 2001 taarifa ya tukio moja bafuni ilifika kwa wakubwa, mpaka kwa Spanier, na haikupelekwa polisi. Yeye siku zote amesema hakuelezwa kwamba ni jambo la kingono. Yeye na Paterno waliondolewa usiku mmoja. Mwaka 2017 mahakama ilimtia hatiani kwa kosa moja la kuhatarisha usalama wa watoto, na 2021 alitumikia kifungo cha karibu miezi miwili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Rais aliyejua kanuni zote za NCAA alishindwa na jambo ambalo halimo katika kanuni za michezo: simu moja kwa polisi. Ndipo nilipoelewa kwamba kujifunza kusimamia michezo siyo kujifunza michezo. Ni kukataa kuwa na sehemu ya chuo ambayo sheria za kawaida zinavua viatu kabla ya kuingia.

Rais mpya wa leo ana mitihani mingine. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani iliibana NCAA kwa kura 9 kwa 0 kuhusu mafao ya kimasomo ya wachezaji, na wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina na picha zao. Juni 2025 jaji alipitisha makubaliano yanayoruhusu chuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, pamoja na karibu dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa miaka ya nyuma. Na mikataba ya makocha ni balaa. Novemba 2023 Texas A&M walimfukuza Jimbo Fisher, na kiinua mgongo chake kilizidi dola milioni 75, kwa mkataba uliosainiwa kabla rais aliyekuwepo hajashika ofisi. Anaweza kumfukuza kocha, ndiyo. Lakini alipe kwanza.

Utaniuliza, sasa haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu vijana wetu wamo. Kabla ya Thabeet, Suleiman Nyambui, aliyetuletea fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow 1980, alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Mzazi wa Singida au Eldoret anapomkabidhi mwanawe kwa chuo cha mbali, anadhani anamkabidhi kwa kocha aliyepiga simu. Kumbe mwenye dhamana ni yule profesa mwenye miwani ambaye jina lake hatulijui. Akiwa dhaifu, mtoto wako hana wa kumkimbilia.

Nakumbuka nikiwa mwaka wa pili chuoni, hapa hapa nchini, nilikwenda kumuuliza mkubwa mmoja kwa nini timu yetu ilisafiri usiku kucha kwa basi bovu kwenda mashindanoni, na fungu la michezo lilikwenda wapi. Alinitazama kwa upole, akasema, "Kijana, mambo ya michezo muulize mshauri wa wanafunzi." Mshauri wa wanafunzi akanituma kwa mwalimu wa michezo. Mwalimu wa michezo akanirudisha kule juu. Nilicheka siku ile, nikaenda zangu. Leo nikisoma habari za Eliot na Spanier sicheki tena. Sisi hatuna viwanja vya watu laki moja wala makocha wa mamilioni, na kwa sababu hiyo hapana yetu bado ni bei rahisi kama ile ya White wa Cornell. Wakati wa kujifunza ni sasa, kabla hela hazijafika.

Na yule aliyemuuliza Calhoun swali la mshahara, najua wengi walimuona mkorofi. Mimi nadhani alikosea kitu kimoja tu. Alimuuliza kocha. Swali lile lilikuwa la rais.